Tumbo Moja na Mukalay

Pale wanapouza vyuma chakavu, nyuma ya soko la Dilala, mjini Kolwezi, watu wawili walikamata taa moja kwa wakati mmoja. Ilikuwa taa ya karabidi, ya wachimbaji wa zamani, imetengenezwa kwa shaba na imebonyea ubavuni. Upande mmoja aliishika Louise, mwalimu wa shule ya msingi, aliyejifunga kikwembe, kitenge cha kijani, na juu yake libaya ya mikono mifupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka kama cha mtu aliyetoka nyumbani na jambo moja tu akilini. Upande wa pili aliishika Dimitri, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu iliyotobolewa na cheche, miwani myeusi ameipandisha kwenye kipaji cha uso. Pikipiki za teksi zilipita huku na huku zikipiga honi, na vumbi jekundu la mwezi wa sita likawafunika wote wawili sawasawa.

"Mama, achilia," Dimitri akasema kwa upole. "Mi njo nilifika wa kwanza."

"Wa kwanza wapi? Mukono yangu iko chini, yako iko juu. Mwenye iko chini njo alifika mbele."

"Unataka uifanye nini? Upikie sombe?"

"Na weye? Utaiyeyusha ufanye kitasa ya choo."

Mwuza vyuma aliacha kazi yake akawatazama kama mtu anayetazama mpira. Dimitri alikiri kwamba alitaka kuikata, kwa maana shaba ya namna ile haipatikani siku hizi. Ndipo Louise akamweleza, bila kuachilia taa, kwamba yeye ni wa Chama cha Historia cha Lualaba. Wanakusanya vitu na masimulizi ya vita ya 40–45, kama wazee wa Kolwezi wanavyoiita, wakati shaba ya huku ilipokwenda kutengeneza risasi za Wazungu, na wanaume waliletwa kutoka mbali kuichimba usiku na mchana. Wale waliouona wakati ule walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Mwezi wa nane chama kitafanya maonyesho katika ukumbi wa parokia, na taa hii ilikuwa na haki ya kukaa mezani, si kuyeyushwa.

Dimitri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamlipa mwuzaji, akaifuta taa kwa mkono wa ovaroli, akaiweka ndani ya mfuko wa Louise. Akasema ataomba jambo moja tu: aje aone mahali itakapokaa. Louise akamwambia chama cha historia si sinema.

"Basi nitakuya kama kintu ya zamani," Dimitri akasema. "Muniweke ku meza."

Louise alicheka ingawa hakukusudia kucheka.

Jumamosi Dimitri alikuja kweli, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo yake ikasimama. Mwenyekiti wa chama, Tata Séraphin, mwalimu mstaafu ambaye miwani yake ilishikwa na uzi, alimpokea kwa mashaka, akidhani ni mnunuzi wa vyuma. Dimitri hakusema mengi. Aliona meza zinayumba, akazigeuza, akazitengeneza miguu. Jumamosi iliyofuata alileta mashine yake akachomelea vibao vya chuma vya kusimamishia picha. Tata Séraphin akaanza kumwita mwanangu, na wazee wengine wa chama wakaanza kumtazama Louise kila mlango ulipofunguka.

Halafu zikaja simu. Dimitri alipiga asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya kazi, na ukimwuliza Louise walizungumza nini hakuweza kusema, kwa sababu hakikuwa kitu cha kukumbukwa, kilikuwa sauti tu.

"Umekula?"

"Bado. Nasahihisha kazi ya batoto."

"Batoto bangoje. Nikuletee nini, cherie?"

"Ulete mikono yenye hainuke chuma."

"Ile haiko mu duka. Mikono yangu ilizaliwa Kisenge."

Louise alimtania kwa ajili ya Kisenge, mji wa manganizi, yale madini meusi, akasema watu wa kule wakioga mto unageuka wino. Dimitri akajibu kwamba watu wa Kolwezi nao ni wekundu kama matofali, kwa hiyo mtoto wao atakuwa na rangi ya chai nzuri. Neno mtoto lilibaki katikati yao, na hakuna aliyekata simu.

Dimitri alimweleza habari za kwao kidogo kidogo. Baba yake, Kabemba, alikuwa amefariki. Babu yake, Mbayo, alilelewa hapa Kolwezi katika kambi ya wafanyakazi, akaenda Kisenge akiwa kijana kutafuta kazi, akaoa huko, akazikwa huko. Alikuwa akisema kwamba aliacha dada yake Kolwezi. Lakini njia ya reli iliharibika, vita vikapita, barua zikakosa wa kuzibeba, na jina la dada huyo wajukuu hawakulishika.

Jumapili moja, baada ya misa, walipanda pikipiki mpaka mahali ambapo barabara inainuka, na kutoka pale mashimo ya mgodi wa Mashamba yanaonekana, ngazi juu ya ngazi za udongo, na malori madogo kama siafu yanapanda na kushuka. Louise alivaa kikwembe chake cha misa, chenye maua ya njano, akakalia koti la Dimitri ili kisichafuke. Upepo wa baridi ulikuwa unavuma.

"Louise, mi sijue kusema sana," Dimitri akaanza. "Nataka nifike kwenu. Baba yako anione, kambo yako anione. Halafu nitatuma bazee."

"Na kambo akikukataa?" Louise akauliza, akimaanisha bibi yake.

"Nitamuchomelea mulango mupya. Akikataa tena, namuchomelea dirisha."

Louise aliinamisha kichwa juu ya bega lake. Siku ile alimshukuru Mungu kimya kimya kwa kila kitu alichokiona, hata kwa malori.

Nyumba ya kina Louise ilikuwa moja ya nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, yenye baraza fupi na mpapai pembeni. Aliishi pale na baba yake, Tata Godefroid, karani wa zamani, na bibi yake, Kambo Ndaya, mama wa Tata Godefroid, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Kambo, kama babu na bibi wanavyoitwa huku, alikuwa mzee sana. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, lakini masikio yake yalisikia hata mtu anayevua viatu kwenye baraza. Chama cha historia kilimwomba mara nyingi asimulie mambo ya vita, kwa kuwa yeye alikulia kambini, na kila mara alikataa. Alisema vita ile ilikula baba za watu, sasa wanataka kuiweka mezani ili iwe nini?

Dimitri alikuja na mfuko wa mchele na kikwembe kipya cha Kambo. Alipiga magoti mbele ya kiti chake. Kambo aliupapasa mkono wake, akauona mgumu, akafurahi. Kisha akamwuliza jina.

"Naitwa Dimitri, kambo."

"Ile ni jina ya kanisa. Nauliza jina yako."

"Mukalay."

"Mukalay wa nani?"

"Wa Kabemba, mutoto wa Mbayo. Tuko ba Kisenge. Lakini kambo Mbayo alilelewa hapa, mu kambi."

Kambo Ndaya aliweka kikombe chake chini. Akaomba mgeni asogee, akampapasa uso, kipaji, pua, taya, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha gizani. Akasema, "Tata." Wote waliona ni heshima tu, kwa maana tata ni baba, na huku kwetu hata kijana huitwa hivyo. Halafu akasema anasikia baridi, apelekwe kulala, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alipokuwa anaongozwa ndani alimshika Dimitri mkono na kumnong'oneza aje kesho, wakati Louise yuko shuleni.

Kesho yake Dimitri alikwenda. Alipotoka, Tata Godefroid alimwona akiipita pikipiki yake mwenyewe na kutembea kwa miguu mpaka barabarani, ndipo akakumbuka na kurudi.

Tangu siku ile simu zilikoma. Louise alipopiga, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, haukujibiwa. Jumamosi Dimitri hakuja kwenye chama, na vibao vya picha vilibaki nusu bila rangi. Hatimaye simu ilipokelewa, na sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke, changa na laini. Ilisema Dimitri amelala, na kama kuna neno atamfikishia. Louise alikata. Alisimama katikati ya darasa lake tupu, chaki mkononi, akijisikia mpumbavu kama msichana mdogo.

Alimwuliza Kambo kama alimwambia Dimitri jambo baya. Kambo akamwomba angoje kidogo, akasema bado anatafuta maneno. Louise hakuelewa, naye aliona aibu kuuliza tena. Alikwenda kanisani akapiga magoti mbele ya Bikira Maria, lakini sala haikutoka, kilichotoka ni hasira. Akamwambia Mungu kwamba kama alitaka kumnyang'anya mtu huyu, angemwacha ainunue ile taa peke yake. Baadaye alitubu kwa maneno hayo. Lakini aliyasema, na nadhani Mungu aliyapokea pia.

Siku chache baadaye Kambo Ndaya alituma Tata Séraphin aitwe. Alisema sasa atasimulia, na kwamba Louise ndiye atakayeshika simu ya kurekodi. Walikaa barazani wote wanne, pamoja na Tata Godefroid. Kambo alikuwa amevaa kikwembe kipya, kile cha Dimitri, na rozari shingoni.

Alianza taratibu. Baba yake aliitwa Ntambwe, alitoka Kasai. Wakati wa vita kampuni ilitafuta watu kila mahali, ikawaleta kwa treni kama magunia. Katika kundi lake alikuwemo mtu wa kaskazini ya Katanga, Muluba wa kule kwa kabila, jina lake Mukalay. Hawakujua kusemezana. Kiswahili walijifunza pamoja, pale kambini, kwa kuulizana majina ya vitu: hii koleo, hii maji, huyu mkubwa wa kazi ana roho mbaya. Walikuwa timu moja, mmoja anavunja jiwe, mwingine anapakia. Mwaka ambao Wazungu walitaka shaba zaidi ya mwaka mwingine wowote, ukuta wa shimo ulianguka juu ya Mukalay. Alimwacha mkewe na mtoto mchanga wa kiume.

Hapa Kambo aliifumba rozari mkononi. Louise alidhani amechoka, akataka kuizima simu. Kambo akamzuia.

Katika kambi ile, akasema, mtu asiye na ndugu hakuwa na kilio. Lazima awepo mwenye kilio, wa kukaa juu ya mkeka na kupokea pole za watu. Kama hayupo, maiti inazikwa na kampuni kabla ya jioni, mjane anatolewa katika nyumba na kuwekwa kwenye treni arudi alikotoka. Mke wa Mukalay alikuwa mgonjwa wa kifua, kila mtu alijua hatafika. Basi Ntambwe alikwenda mbele ya mkubwa wa kambi, kofia mkononi.

"Tata yangu aliulizwa: huyu mufu ni nani yako?" Kambo akasema. "Akajibu: ni ndugu yangu, tumbo moja. Bakamucheka. Bakamwambia, weye ni wa Kasai, ule ni wa kaskazini, hata luga yenu haifanane, tumbo moja namna gani? Akasema tena: tumbo moja. Bakamupiga. Akasema tena."

Mwishowe walimwachia maiti na mjane. Ntambwe alinyolewa kichwa, akakaa juu ya mkeka. Kaburini alilamba udongo kama kiapo mbele ya wazee wa kambi, wakamwambia kuanzia leo mtoto wa huyu ni mtoto wako, damu yake na yako hazitaoana. Mjane alifariki mvua zilipoanza. Yule mtoto mchanga alikua katika nyumba ya Ntambwe, kwenye mgongo wa Ndaya mwenyewe, ambaye alikuwa msichana mdogo na alimbeba mpaka miguu yake ikagusa chini.

"Alikuwa ndugu yangu," Kambo akasema. "Hakuna siku moja mu nyumba yetu tulisema hapana, haiko ndugu. Jina yake Mbayo. Alienda Kisenge mbele Godefroid azaliwe, na jina yake sikuitaja tena, ilikuwa inaniuma."

Louise aliizima simu. Tata Séraphin alivua miwani yake. Kambo akanyoosha mkono hewani, akitafuta uso wa mjukuu wake.

"Louise, mama yangu, ule kijana iko na jina ya mufu. Mi nilimwomba anyamaze, juu ile neno ni yangu ya kukwambia. Sikuwa na nguvu. Unisamehe."

Louise alimkuta Dimitri kwenye karakana yake, amekaa juu ya mtungi mtupu wa gesi, mashine imezimwa. Msichana aliyekuwa anafagia akaacha ufagio, akamsalimu kwa kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa Tatiana, dada yake Dimitri. Alikuwa amekuja kutoka Kisenge baada ya kaka yake kupiga simu nyumbani kuuliza kama ni kweli. Mama yao alisema ni kweli, yule dada wa Kolwezi aliitwa Ndaya. Louise alisikia sauti ile ile changa na laini, na hakuwa na nguvu ya kuona haya.

"Juu ya nini haukuniambia?" akauliza.

"Kambo alilia mbele yangu, Louise. Muzee sawa vile. Ningefanya nini?"

"Ungepokea simu. Useme tu, niko."

"Ningesema niko, ningesema yote." Alifuta uso kwa kiganja, akabaki na mstari wa masizi shavuni. "Kila wakati simu inalia, nilikuwa naitazama mpaka inanyamaza. Kisha nabakia naitazama tena."

Louise alimshika mkono. Dimitri aliukaza, halafu akaulegeza, halafu akauacha juu ya goti lake wazi, kama mtu asiyejua tena ni mkono wa namna gani anaoruhusiwa kushika. Walilia hivyo, wamekaa karibu, bila kukumbatiana. Tatiana alikwenda kusimama mlangoni ili wateja wasiingie.

Lakini walikuwa vijana, na walipendana, na hawakukubali haraka. Walikwenda kwa Abbé Stanislas, paroko. Aliwasikiliza kwa muda mrefu. Akasema Kanisa huuliza damu, na hapa damu hakuna. Kwake yeye hakuna kizuizi. Akaongeza kwamba kuna mambo Kanisa halikatazi lakini dhamiri inayabeba, na kwamba atawaombea. Louise alitoka pale akitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Tata Godefroid naye, ambaye hakuweza kumtazama binti yake akikonda, aliwauliza wazee wa ukoo. Walimwambia ipo njia. Undugu wa namna ile unaweza kukatwa. Watu wa pande mbili wanakutana kaburini, wanashika kamba ya gome, upande huu mtu wa Ntambwe, upande ule mtu wa Mukalay. Yule anayetaka ndoa, wa upande wa aliyeapa, anasema kwa kinywa chake: Mukalay hakuwa ndugu ya Ntambwe. Kamba inakatwa kwa kisu. Baada ya hapo ni watu wawili tu, na wanaweza kuoana. Na lazima aseme Louise mwenyewe, kwa maana hakuna wa kusema mahali pake.

Kwa juma zima simu zilirudi. Dimitri alimwita roho yangu, na Louise akamwuliza kama ameanza kuchomelea ule mlango wa Kambo. Walipanga hata mahali pa kuweka kitanda. Lakini kila mara mmoja wao aliacha sentensi katikati, na mwingine hakuuliza kwa nini.

Louise alimwuliza Kambo kama atakuja.

"Nitakuya," Kambo akajibu. "Sitakuzuia, mutoto yangu. Nakupenda kupita mufu. Lakini nitakaa ku upande ya Mukalay. Siku ile atabakia tena bila mwenye kilio, haiko muzuri abakie peke."

Makaburi ya zamani ya wafanyakazi yako nje ya mji, misalaba ya chuma imeinama, mingine imeibwa na wauza vyuma. Walifika asubuhi, baridi bado iko kwenye majani. Tata Godefroid alivaa suti yake nyeusi. Tata Séraphin alikuja kama shahidi, akasimama nyuma. Kambo aliongozwa mpaka kwenye kaburi lililokuwa karibu na ukuta, akaligusa kwa mguu, akasema ni hili. Akaketi juu ya mkeka upande wa Mukalay, karibu na Tatiana, na miguu yake midogo ameinyoosha mbele kama wafanyavyo wanawake waliofiwa.

Louise alishika ncha moja ya kamba. Dimitri alishika ya pili. Alikuwa amevaa lile shati jeupe la Jumamosi ya kwanza. Alikuwa mbali naye kiasi cha hatua chache, na Louise aliona jinsi anavyopumua. Tata Godefroid aliweka kisu juu ya kamba. Akamwambia aseme.

Louise alifungua kinywa. Alimtazama mtu aliyempenda, naye alikuwa anamtazama akimngoja, na midomo yake ikasema bila sauti: sema, cherie. Na ungekuwa wewe ungesema, pengine na mimi. Lakini Louise alimwona yule mtu wa Kasai, kofia mkononi, anapigwa, anasema tena. Hakupata faida yoyote. Alisema uongo siku ile, kisha akafanya kazi maisha yake yote ili usiwe uongo: akamlisha mtoto, akamvisha, akamsomesha, akamlilia alipoondoka. Na yeye sasa alitakiwa kusema mbele ya kaburi kwamba wale waliocheka walikuwa sahihi.

Alimwomba Mungu amsaidie kulisema lile neno. Aliomba kweli. Akangoja, na neno halikuja.

"Mukalay ni ndugu ya Ntambwe," akasema. Sauti yake ilikatika, akaanza upya ili wote wasikie. "Mukalay ni ndugu ya Ntambwe. Tumbo moja."

Tata Godefroid aliinua kisu kutoka kwenye kamba, akakifunga. Kambo Ndaya alijifunika uso kwa kikwembe na kulia kwa sauti ya msichana. Dimitri aliketi chini ghafla, palepale kwenye udongo, kamba bado mkononi. Louise alikwenda akaketi mbele yake.

"Unichukie," akamwambia. "Itanisaidia."

Dimitri alitikisa kichwa. Aliikunja ile kamba, akaikunjua.

"Hata mi nisingekubali," akasema mwishowe. "Ungesema, ningeachilia kamba. Nilikuwa naogopa tu uniachie mi njo nikatae."

Baada ya hapo Dimitri alifunga karakana, akarudi Kisenge pamoja na Tatiana. Hakupiga simu, na Louise hakungoja simu. Alifundisha watoto wake, akaenda misa ya asubuhi, akarudi. Mambo yaliyomo katika sala za mtu wa namna ile anayajua Mungu.

Siku ya maonyesho ukumbi wa parokia ulijaa. Sauti ya Kambo ilitoka kwenye kipaza sauti, ikisimulia, na watu walisimama kuisikiliza wakiwa wamevua kofia. Tata Séraphin alikuwa ameialika familia ya Mukalay kutoka Kisenge, kama ilivyostahili, na saa ya mchana Dimitri aliingia, amekonda, kofia mkononi, mama yake nyuma yake.

Huku kwetu aliyepewa jina la marehemu anachukua na kiti chake. Dimitri sasa alikuwa mzee wa nyumba ile, kambo wa Louise, na kambo ana ruhusa ya kutaniana na wajukuu wake wa kike na kuwaita wake zake mbele ya watu wote. Shangazi zake Louise walilijua hilo, nao walitaka siku ile iwe ya furaha. Mmoja wao akaita kwa sauti:

"Kambo Mukalay, hausalimie muke yako?"

Watu wakageuka wakitabasamu, wakingoja utani. Dimitri alimtazama Louise. Alifungua kinywa, akakifunga. Kofia ilizunguka mikononi mwake. Tabasamu za watu zikaanza kupotea, na uso wake ukaanza kuonyesha kitu ambacho hakikupaswa kuonwa pale.

Louise akaweka mkono kiunoni, akainua sauti kama wafanyavyo wajukuu watundu.

"Mumuachilie. Bwana yangu ni muzee, safari ya Kisenge ilimuchokesha. Kwanza akule, halafu tutagombana."

Ukumbi ulicheka. Kambo Ndaya alicheka mpaka akakohoa, akapigapiga goti lake. Dimitri naye alicheka, akainama kumshukuru, kisha akatoka nje haraka kama mtu anayekwenda kutafuta maji. Louise alinyoosha kikwembe chake, akamgeukia mgeni aliyesimama mbele ya meza, akaanza kumweleza habari za watu wawili waliofika Kolwezi kwa treni, bila lugha moja na bila ndugu.